Amri Nyepesi, Amana Nzito: Programu za Kompyuta na Faili za Watu



Nimeombwa nizungumzie namna programu za kompyuta za mezani zinavyoshughulikia faili na folda: zinavyoziunda, zinavyozisoma, zinavyozihamisha na zinavyozifuta. Mada hii ina bahati mbaya ya kuonekana ndogo. Katika vitabu vya kufundishia uandishi wa programu huwa ni sura fupi ya katikati, ambayo mwanafunzi huipita mbio ili awahi kwenye vitufe, rangi na hifadhidata. Na kweli, amri zenyewe ni chache. Kuunda folda ni mstari mmoja. Kunakili faili ni mstari mmoja. Kufuta folda nzima na vyote vilivyomo, hata kama ni kazi ya miaka kumi, nako ni mstari mmoja.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Wepesi wa amri hauonyeshi hata kidogo uzito wa kinachoguswa. Faili iliyomo kwenye kompyuta ya duka la dawa, ya parokia, ya SACCOS au ya steshenari ya mtaani ina mwenyewe, naye ameikabidhi tu kwa programu. Programu imewekewa amana. Kwa hiyo leo nina dai moja tu, na yote yatakayofuata ni ushahidi wake: anayejua amri za faili lakini hajui mpangilio wake, hajajua kitu. Ipi itangulie, ipi ifuate, na ya kwanza ikishindwa, ya pili ina ruhusa gani ya kuendelea? Wahenga walishatuachia kanuni: usiache mbachao kwa msala upitao. Sijaona kitabu cha kompyuta kinachoisema vizuri zaidi.

Anachokiona mtu, inachokijua kompyuta

Mtumiaji akiwasha kompyuta anaona folda ya manjano, anaona karatasi ndani yake, anaishika kwa kipanya na kuiburuta. Picha hizo za karatasi na folda juu ya meza ya kuchorwa ziliingia sokoni mwaka 1981 na kompyuta ya Star ya kampuni ya Xerox. Apple ikazifanya maarufu kwa Lisa mwaka 1983 na Macintosh mwaka 1984. Lakini mpango wa folda ndani ya folda una umri mkubwa kuliko picha zake. Mwaka 1965 Robert Daley na Peter Neumann waliueleza katika andiko lao kuhusu mfumo wa Multics. Unix, iliyoanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mwaka 1969, ikaurithi. Kompyuta ndogo za watu wa kawaida zilichelewa. MS-DOS ya kwanza, ya mwaka 1981, haikuwa na folda za ndani hata moja. Flopi yake ya kilobaiti 160 ilipokea faili zisizozidi 64, zote zimerundikwa mahali pamoja. Folda zilikuja na MS-DOS 2.0 mwaka 1983, wakati IBM ilipotoa kompyuta ya PC XT yenye diski ngumu ya megabaiti 10. Kwenye diski ya ukubwa huo bila folda, kisingetafutika kitu.

Kwa kompyuta yenyewe, folda ni orodha. Katika Unix na jamaa zake ni orodha ya majina, na kila jina limeandikiwa namba. Namba ndiyo inayoelekeza mahali maandishi yenyewe yalipo kwenye diski. Fikirieni masijala ya ardhi. Kiwanja kikiuzwa hakisogei hata hatua moja. Kinachobadilika ni jina kwenye hati. Ndivyo ilivyo kuhamisha faili kutoka folda moja hadi nyingine ndani ya diski ile ile: jina linafutwa kwenye orodha moja na kuandikwa kwenye nyingine, na filamu ya gigabaiti kadhaa inahama kufumba na kufumbua. Lakini ukiihamishia kwenye flashi, masijala ni nyingine na ardhi ni nyingine. Hapo baiti zote lazima zinakiliwe moja baada ya nyingine, kisha ndipo ile ya zamani ifutwe.

Mtumiaji anaviita vitendo hivi viwili kwa jina moja: kuhamisha. Kwa mwandishi wa programu ni mambo mawili yasiyofanana. Cha kwanza hutokea chote au kisitokee kabisa. Cha pili kinaweza kufia njiani. Katika maktaba ya .NET ya Microsoft, amri ya kuhamisha folda, Directory.Move, hukataa katakata kuvuka kutoka diski moja hadi nyingine. Wanafunzi wangu huilalamikia. Mimi huisifu, kwa sababu inamlazimisha mwandishi akiri kwamba sasa ana kazi mbili mkononi, kunakili na kufuta, na kwamba katikati yake kuna shimo.

Tofauti hii kati ya picha na orodha imewagharimu watu wetu. Wengi wenu mnavikumbuka virusi vya flashi vilivyokuwa vikificha folda zote na kuweka badala yake ikoni za njia ya mkato zenye majina yale yale. Mwenye flashi alifungua, akakuta kazi yake "imegeuka", akakata tamaa, akaifomati. Kumbe faili zake zilikuwepo zote. Virusi vilikuwa vimezibandika tu alama ya kufichwa, ile ambayo Windows huiheshimu inapochora picha, na amri moja fupi ya attrib ingeiondoa. Aliyeziangamiza faili ni mwenyewe, kwa kuamini picha.

Mistari mitatu

Sasa tuutazame msimbo kwa karibu. Nimechagua Visual Basic 6, lugha iliyotolewa mwaka 1998, kwa kuwa programu zilizoandikwa kwayo bado zinafanya kazi kwenye Windows za leo, na kwa kuwa amri zake zinasomeka hata kwa asiye fundi. Tuseme duka la vipuri linataka, kila mwisho wa mwaka, kuhamishia mauzo kwenye flashi ili kompyuta ipumue. Mwandishi anaandika hivi:

On Error Resume Next
FileCopy "C:\Mauzo\mwaka.txt", "E:\mwaka.txt"
Kill "C:\Mauzo\mwaka.txt"

Mstari wa pili unanakili. Wa tatu unafuta. Ndiyo, amri ya kufuta katika lugha hii ni Kill, na waliolichagua neno hilo hawakutaka kumbembeleza mtu. Mstari wa kwanza ndio unaohitaji mawakili. Maana yake ni kwamba ikitokea hitilafu yoyote, usiseme kitu, endelea na mstari unaofuata. Waandishi huupenda kwa sababu mteja haoni tena visanduku vya kutisha kwenye kioo.

Siku flashi imechomekwa na ina nafasi, mistari hii mitatu haina kosa. Mwandishi anaijaribu ofisini kwake, inakubali, anaichukua dukani. Sasa tuchukue siku ambayo mwenye duka ameiacha flashi nyumbani. Mstari wa pili unashindwa. Mstari wa kwanza unaamuru kimya. Mstari wa tatu unafika, unaikuta faili ya mauzo ipo mahali pake, na unaifuta. Matokeo ni yale yale flashi ikiwa imejaa, au ikiwa siku hiyo kompyuta imeipa herufi F badala ya E kwa kuwa kifaa kingine kisichoandikika kimeshachukua E. Na faili iliyofutwa kwa Kill haipiti kwenye pipa la taka la Windows. Inaondoka moja kwa moja. Kama mwandishi ameongeza mstari wa nne unaotangaza "Mauzo yamehamishwa", mwenye duka atakwenda nyumbani akiwa na furaha.

Angalieni kwamba hakuna amri hata moja iliyokosewa. FileCopy imefanya kazi yake ya kujaribu, Kill imefanya kazi yake ya kufuta. Kilichokosekana ni sharti la kuziunganisha: hii isipofaulu, ile isiguse kitu.

Kurekebisha hakuhitaji ujuzi wa ajabu. Uondoe mstari wa kwanza. Unakili faili kwenye flashi kwa jina la muda, kwa mfano mwaka.tmp. Ulinganishe ukubwa wa nakala na wa asili, na kama faili ni ya thamani, ulinganishe yaliyomo pia. Uipe nakala jina lake kamili. Baada ya hapo tu ndipo uifute ya zamani, tena kwa kumuuliza mwenyewe. Kwa mpangilio huu, kazi ikikatika hatua yoyote, baya kuliko yote litakalobaki ni nakala mbili. Nakala mbili ni usumbufu. Nakala sifuri ni msiba.

Na hitilafu ikitokea, isemwe ilivyo. Watu wanaopiga video za harusi wanalijua hili: flashi ina gigabaiti 32 tupu, faili ina gigabaiti 5, na bado haiingii. Sababu ni kwamba flashi nyingi zimefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, ambao ndani yake faili moja haiwezi kufika gigabaiti 4. Programu inayomjibu mtu "imeshindikana" imemwacha gizani. Inayomwambia kwamba flashi hii haipokei faili kubwa hivi imempa njia ya kutokea.

Umeme ukikatika katikati

Kuna tendo tunalolifanya mara nyingi kuliko kuhamisha au kufuta, na watu hawalioni kuwa la hatari: kuhifadhi. Mhasibu wa shule ameingiza ada za wanafunzi, anabonyeza "Hifadhi". Programu iliyoandikwa kwa haraka hufanya mambo mawili. Kwanza huifungua faili ya zamani kwa ajili ya kuandika, na kufungua kwa namna hiyo huifuta faili ibaki na baiti sifuri. Pili huanza kuandika data mpya. Kati ya jambo la kwanza na la pili ada za shule nzima haziko kwenye diski. Ziko kwenye kumbukumbu ya kompyuta tu, na kumbukumbu hiyo inaishi kwa umeme. Muda huo ni mfupi sana. Lakini programu inayohifadhi mara mia kwa siku, katika mtaa ambao umeme hukatika bila taarifa, inacheza bahati nasibu mara mia kwa siku.

Dawa yake inajulikana tangu zamani, na historia yake inafundisha. Unix za mwanzo hazikuwa na amri ya ndani ya kubadili jina la faili. Kubadili jina kulikuwa hatua mbili: kuongeza jina jipya, kisha kuondoa la zamani. Mpangilio huo ni wa busara, kwa kuwa mashine ikizimika katikati faili inabaki na majina mawili. Ubaya ulijitokeza pale jina jipya lilipokuwa tayari linatumika na faili nyingine. Hiyo ilibidi iondolewe kwanza, na kwa kitambo kidogo jina hilo halikuwa na faili yoyote. Mwaka 1983 watu wa chuo kikuu cha Berkeley, katika toleo la Unix liitwalo 4.2BSD, walileta amri rename ya kuziba shimo hilo. Waliahidi kwamba jina lengwa halitakosa faili hata mashine ikianguka katikati ya kazi: utakuta ama ya zamani ama mpya.

Juu ya ahadi hiyo ndipo programu makini hujenga uhifadhi wake. Huandika data mpya kwenye faili ya muda ndani ya folda ile ile. Huiamuru diski imeze kila kitu kweli. Kisha hubadili jina, faili ya muda ichukue nafasi ya ile ya zamani. Katika .NET ipo File.Replace, ambayo huweza pia kuibakiza ya zamani kwa jina la akiba.

Hatua ya kuiamuru diski imeze haipaswi kurukwa, na mwaka 2009 wengi walijifunza hilo kwa machungu. Mfumo mpya wa faili wa Linux, ext4, ulikuwa ukichelewesha kuandika data kwenye diski kwa makumi ya sekunde ili ufanye kazi upesi. Watu ambao kompyuta zao zilizima ghafla walikuta faili za mipangilio ya programu zao zina baiti sifuri. Jina lilikuwa limeshabadilishwa, data ilikuwa bado haijafika. Theodore Ts'o, mmoja wa waundaji wa mfumo huo, alieleza kwamba programu hazikuwa zimeomba data yao isukumwe mpaka kwenye diski. Hata hivyo mfumo nao ukarekebishwa ili uwavumilie waandishi wasioomba. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Mimi ninamfundisha mwanafunzi aombe.

Majina yetu, njia zetu

Programu huifikia faili kwa njia yake: herufi ya diski, folda, folda ya ndani, jina. Hapa hatari haina kishindo, lakini kwetu sisi ina sura ya pekee.

Chukueni majina kama Ng'wandu, Wang'ombe au Nyong'o. Programu ya shule inayomfungulia kila mwanafunzi folda kwa jina lake itakutana nayo siku ya kwanza. Ile alama inayokaa juu baada ya g ndiyo ambayo lugha nyingi za amri huitumia kufungua na kufunga maneno. Mwandishi aliyeunda amri kwa kuunganisha vipande vya maandishi atakuta imekatika kwenye jina la mtoto. Tena alama yenyewe ni ya aina mbili: iliyonyooka, na iliyopinda ambayo programu za uchapaji huiweka zenyewe unapoandika. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, hivyo mtoto mmoja anaweza kuwa na folda mbili, ripoti za muhula wa kwanza humu na za wa pili mle, na programu ikaapa kwamba hana ripoti. Dawa ni kuamua tangu mwanzo alama moja itakayotumika, kubadilisha nyingine zote kabla ya kuunda jina, au kuzipa folda namba za usajili na kuliacha jina zuri libaki kwenye kioo.

Chukueni tarehe. Risiti ya 12/05/2024 haiwezi kuwa jina la faili, kwa sababu Windows inakataza alama tisa katika majina, mkwaju ukiwa mmojawapo, na kwenye Linux mkwaju ndio unaotenganisha folda. Ukiandika 2024-05-12 unapona, tena faili zinajipanga zenyewe kwa tarehe.

Mengine niyataje kwa haraka. Windows hadi leo haikubali faili iitwe CON, PRN, AUX wala NUL, majina yaliyotengewa vifaa tangu enzi za DOS. Njia nzima kwa kawaida haipaswi kuzidi herufi 260. Tangu 2016 Windows 10 inaweza kulegeza sharti hilo, lakini ni lazima liruhusiwe kwenye kompyuta na programu nayo itangaze kwamba inaliweza. Ofisi zenye mazoea ya majina marefu kama mihtasari ya vikao hulifikia kikomo hicho bila kujua. Na Ripoti.txt na ripoti.txt ni faili mbili kwenye Linux lakini ni moja kwenye Windows. Ukizileta pamoja, moja inaweza kuifunika mwenzake.

Halafu kuna kosa la ukarimu wa nyumbani: mwandishi anaandika ndani ya programu njia ya kompyuta yake mwenyewe, C:\Users\Juma\Desktop. Kwake inafanya kazi. Kwa mteja hakuna Juma. Mfumo endeshi unajua folda ya nyaraka za kila mtumiaji ilipo, na kila lugha ina namna ya kuuliza. Basi na uulizwe.

Kufuta

Nimeliacha la kufuta mwisho kwa kuwa ndilo lisilo na rejea. Nitatoa visa viwili vilivyojulikana na dunia.

Januari 2015 watumiaji wa programu ya michezo ya Steam kwenye Linux walitoa taarifa za kutisha. Ndani ya hati ya kuianzisha programu hiyo mlikuwa na mstari wa kufuta kila kitu kilichomo kwenye folda ya Steam. Folda hiyo haikuandikwa kwa jina. Iliwekwa kwenye kigezo, na kigezo kilitafutwa na msimbo mapema zaidi ndani ya hati hiyo. Mtumiaji mmoja alikuwa ameihamisha folda yake. Utafutaji ukashindwa, kigezo kikabaki kitupu, na amri ya "futa vyote vilivyomo kwenye folda ya Steam" ikageuka "futa vyote kuanzia mzizi wa diski". Ilifuta kila faili aliyokuwa na haki ya kuifuta, zikiwemo zilizokuwa kwenye diski ya nje aliyoiunganisha. Juu ya mstari ule mwandishi alikuwa ameacha maelezo ya neno moja, yanayosema unatisha. Aliuona mlango wazi, akaandika juu yake kwamba uko wazi, akaenda zake.

Oktoba 2018 Microsoft ilitoa sasisho kubwa la Windows 10, na baada ya siku chache ikalisimamisha. Baadhi ya watu walikuwa wamepoteza nyaraka na picha zao. Ni waliokuwa wameielekeza folda yao ya nyaraka sehemu nyingine, kwa mfano kutoka diski C kwenda diski D, huku faili nyingine zikiwa zimebaki kwenye folda ya zamani. Kampuni ilieleza kwamba sasisho lililotangulia lilikuwa limewaletea baadhi ya watumiaji folda rudufu tupu, watu wakalalamika, na sasa msimbo mpya ulikuja kuziondoa. Uliondoa folda za zamani pamoja na vilivyomo. Walioathirika walikuwa wachache mno, kampuni ikitaja moja ya mia ya asilimia moja ya waliosakinisha. Lakini mwenye picha za mtoto wake haulizi ni asilimia ngapi. Sasisho lilirudi Novemba, tarehe 13.

Visa hivi viwili vinafanana. Katika vyote, msimbo uliamini jambo bila kulihakikisha: hapa ni kwamba kigezo kina kitu, kule ni kwamba folda haina kitu. Kwa hiyo, kabla ya kufuta, programu ijiulize mambo ya wazi. Njia niliyoshika si tupu? Iko ndani ya folda yangu mwenyewe, wala si juu yake? Ndani yake hakuna kiungo kinachotoka kwenda folda ya mtu mwingine? Na kama kusudi ni kuondoa folda tupu, karibu kila lugha inayo amri inayofuta folda ikiwa tupu tu na kukataa ikiwa na chochote. Katika Visual Basic ni RmDir. Anayechukua amri kali kuliko kazi aliyonayo amejitafutia.

Pia, msimbo unaofuta faili ya mtumiaji uipeleke kwenye pipa la taka. Amri za kawaida za kufuta hazifanyi hivyo, lazima uombe. Visual Basic ya .NET ina chaguo hilo tayari. Kwenye flashi, kwa kawaida, pipa hilo halipo kabisa, na hapo programu imwonye mtu kabla, si baada.

Tufanye nini

Namalizia kwa mapendekezo matatu.

La kwanza ni kwa walimu. Tunawapima wanafunzi kwa programu inayofanya kazi siku kila kitu kiko sawa. Tubadili mtihani. Programu ya kunakili ikiwa katikati, msimamizi aichomoe flashi. Programu ya kuhifadhi ikiwa katikati, auzime umeme wa chumba. Ampe mwanafunzi folda isiyoandikika, jina lenye ng', diski iliyojaa. Maksi zitolewe kwa kile kilichobaki kwenye diski baada ya ajali.

La pili ni kwa waandishi vijana. Msitangulie kuuliza kama faili ipo, kisha mkaitenda kana kwamba jibu litadumu. Kati ya swali na tendo, programu nyingine au mtu mwingine anaweza kuifuta au kuiunda. Jaribuni tendo lenyewe, kwa amri inayokataa kufunika kilichopo, na mshughulikie kukataliwa. Hitilafu ni taarifa; anayeinyamazisha amejiziba masikio katika wakati anaohitaji kusikia.

La tatu ni kwa wanunuzi, wenye maduka, wakuu wa shule, makatibu wa vyama. Hamhitaji kujua msimbo ili mjue kama programu inafaa. Anayekuuzia mkalishe chini, umuulize swali moja: kazi hii ikikatika katikati, mimi ninabaki na nini? Fundi aliyelifikiria atakujibu papo hapo, hatua kwa hatua, na ataiwasha kompyuta akuonyeshe. Akianza kukueleza kwamba haiwezi kukatika, rudisha hela yako mfukoni, na nakala rudufu za faili zako uziweke mbali naye.